Madonge ya Unga Katika Mto Thames

Mama yangu alitangaza mapema. Alikuwa jikoni kwetu Thornton Heath, kusini mwa Landani, hita ya mafuta ya taa inanuka, amevaa sweta mbili juu ya sari na soksi za baba yangu, Bapuji, ndani ya champali, akaninyooshea mwiko kana kwamba mimi ndiye niliyeileta baridi. "Nikifa huku msidhani nitakaa," alisema. "Mkinitia kwenye maji haya ya barafu, sikai. Mwambie baba yako."

Sikuwa na haja ya kumwambia, kwa sababu Bapuji alikuwa palepale mezani akimenya kitunguu saumu. Alisikia. Alisikia kila mara, maana mama aliyarudia maneno hayo kila ukungu ulipoingia mtaani. Aliyasema kwa Kiswahili. Kigujarati kwetu kilikuwa cha sala na cha kupokelea wageni, Kiingereza kilikuwa cha dukani na cha ofisini kwangu, lakini hasira, mzaha na ugomvi wa mume na mke vilibaki katika Kiswahili tulichotoka nacho Kisumu. Ndiyo maana ninaandika haya kwa lugha hii. Mzimu wa nyumbani kwetu haukujua nyingine.

Tulikuja Landani pamoja na wengi, zile siku ambazo wenye paspoti za Uingereza walianza kunyimwa leseni za biashara Kenya, na kila Mhindi akikutana na mwenzake anauliza, "Unakwenda au unabaki?" Bapuji alikuwa na duka la vitambaa karibu na gati la Kisumu. Hapa alipata duka dogo la magazeti, sigara na peremende, ambalo baadaye lilianza kuuza bamia, ukwaju na dhania. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikaajiriwa kupiga taipu katika moja ya yale majengo marefu ya ofisi pale Croydon. Kaka yangu alikwenda Kanada. Mama hakwenda popote. Miaka yote aliyoishi hapa alikaa kama abiria stesheni, mkoba mapajani, akiangalia saa.

Alikufa mwezi wa kumi, kwa kifua. Kikohozi kilianza kama mzaha, tukacheka kwamba anawakoholea majirani Waingereza kwa makusudi, halafu mzaha ukaisha. Kule Kisumu mtoto wa kiume huwasha moto wa kuchomea maiti na watu hukaa mpaka uzime wenyewe. Hapa, kwenye jengo la kuchomea maiti, jeneza liliteleza nyuma ya pazia, na mtu mwenye glavu akatushukuru kwa kuja. Siku chache baadaye Bapuji alipewa majivu ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, aina ileile tuliyowekea peremende dukani. Aliipakata ndani ya basi mpaka Kingston, kando ya mto, akaingia matopeni na viatu vyake vya shughuli, akayamwaga majivu katika Mto Thames. Mimi nilishika mwavuli. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa na haraka zake.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana hata Wahindi wenzetu wa Croydon waliishangaa. Wengine huwalisha kunguru kwa niaba ya marehemu wao. Sisi wa Kisumu, au tuseme wale wa mtaa wetu, tuliwalisha samaki. Majivu ya wazee wetu wote yalikuwa ziwani. Basi katika mwaka wa kwanza wa msiba, mara moja kila mwezi, familia ilikanda unga wa ngano kwa maziwa na ufuta, ikafinyanga madonge, ikaenda kuyatupa majini. Samaki wa huko, ngege na fulu, walipanda juu donge likiwa halijalowa, uso wa maji ukawa midomo mitupu. Wazee walisema likiliwa kabla ya kuzama, marehemu amepokea chakula chake, amekaa. Likizama zima, amekataa, bado anatembea. Kisumu sijaona hata moja likizama zima. Samaki wa ziwa lile wangekula hata kofia ukiwarushia.

Thames, donge la kwanza lilizama. Tuliliona likishuka, jeupe, halafu la kijivu, halafu halipo. La pili likazama, na la tatu, mpaka bakuli la bati likabaki na unga wa pembeni tu. Bapuji alisubiri sana. Bata mmoja akasogea, Bapuji akamfukuza kwa mwavuli, maana bata hayumo katika desturi. Mwezi uliofuata tulirudi na yakazama tena. Na mwezi wa baada ya huo.

Na nyumbani alitembea. Sijui neno jingine la kutumia. Nilikuwa nikirudi kazini jioni, taa za barabarani ndiyo kwanza zinawashwa, nikifungua mlango nasikia kikohozi chake kwenye ngazi: viwili virefu, kimoja kifupi. Sweta yake ya kijani, niliyoikunja mwenyewe na kuitia kabatini, niliikuta imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Harufu ya uwatu aliokuwa akipikia ilitangulia chumbani kabla sijaingia. Bapuji naye alisikia, lakini kila mmoja wetu alidhani anamkinga mwenzake, tukanyamaza. Mpaka siku moja nikamkuta amesimama chini ya ngazi na kikombe cha chai ya tangawizi, anakinyoosha juu kuelekea gizani, hajui kwamba nimeingia. Nilirudi nje taratibu nikakaa kizingitini kwenye mvua mpaka nikamaliza kulia. Niliogopa. Sitaki kulipamba jambo hili: nilimwogopa mama yangu mwenyewe, mwanamke aliyenisuka nywele.

Bapuji alikuwa anakwisha. Alilala kwenye kiti, au hakulala kabisa. Shingo yake ilibaki kama kijiti ndani ya kola. Daktari alimpa vidonge, akavipanga dukani nyuma ya sigara asivimeze. Nami nikakata shauri. Samaki lazima wale. Wakila, mama atakuwa amekaa. Mama akikaa, Bapuji atalala, naye akilala nitabaki na mzazi mmoja. Ndiyo hesabu niliyokuwa nayo, na sikuona kasoro ndani yake.

Jambo moja lilinitatiza. Tukitoka mtoni, madonge yote yamezama, Bapuji ndani ya basi alikuwa mchangamfu kuliko siku nyingine zote. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta, cha miaka mingi ya kuuza khanga, na hakukiona kina upungufu. "Hapana taka," alisema akitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Mama yako hapana taka hapa. Kichwa ngumu hii mama." Halafu habari za Kisumu zilianza. Paa la duka litakuwa linataka mabati mapya. Yule fundi cherehani wa varandani bila shaka bado anafagia mbele ya mlango, ni mtu wa maana. Tukifika ni afadhali kupaka rangi kabla ya mvua. Nilimwacha aseme. Nilidhani huzuni ina njia zake, na kwamba mtu akiongea habari za mabati hakuna anayeumia.

Ofisini nilikuwa na msimamizi, mjane wa Kiingereza, mrefu, mkavu, ambaye maneno yalimtoka kwa shida kama meno. Nilimwogopa pia, ingawa si kama nilivyomwogopa mama. Jumatatu moja nilimkuta kwenye sinki akisugua vidole kwa limau, nikanusa samaki. Mimi sijawahi kula hata yai, harufu ile naijua kutoka mbali. Nikajikuta nauliza, "Madam, wakati wa baridi samaki wa Thames wanakwenda wapi?"

Alinitazama kwenye kioo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniona bila mashine ya taipu mbele yangu. "Samaki gani?" aliuliza.

"Yeyote."

"Hakuna samaki anayeitwa yeyote," alisema, akakausha mikono. Kisha akaniambia kwamba yeye huvua zanda, samaki anayewinda samaki wenzake, kila Jumapili, kwa fimbo za kuvulia alizoachiwa na marehemu mumewe, na kama ninataka kujua nivae gambuti nimkute Kingston darajani mchana.

Nilikwenda. Nilimwambia wazi kwamba sitaki kumuumiza kiumbe, nataka kujua tu anapokaa. Alisema anapokaa samaki hapajulikani kwa kuuliza, panajulikana kwa ndoana, na kama nina huruma nyingi nirudi nikanywe chai. Nikapiga moyo konde. Kwa Jumapili kadhaa nilikuwa mtoto wa Kihindu asiyekula nyama akibeba kopo la visamaki vilivyokufa nyuma ya bibi wa Kiingereza, tukiteleza kwenye matope ya ukingo, na nikajifunza mambo ambayo mpaka leo siwezi kupita kando ya mto bila kuyafikiria.

Zanda hapendi mwanga. Jua likiwaka na maji yakiwa maangavu, unapoteza siku yako; anakaa chini kabisa, amejibanza kwenye nguzo za daraja au chini ya mashua zilizofungwa. Mvua ikiwa imenyesha, mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa, wingu liko chini, hapo anatoka. Anapenda mahali ambapo sakafu ya mto inaanguka ghafla kutoka kwenye maji mafupi kwenda kwenye kina. Anapenda pia pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyolala, maana visamaki huponea kwenye maji yaliyolala na yeye huvisubiri mpakani. Chambo chake ni kisamaki kidogo, au kipande, kilale sakafuni. Chubwi ya kuzamishia mshipi iwe nyepesi. Mshipi usivutike, kwa sababu huyu si mroho. Akihisi uzito mdogo tu anatema na kwenda zake. Boya likianza kutembea, usishtuke, usivute kama unavuta ng'ombe. Hesabu pumzi, kaza mshipi, inua. "Polepole," alisema Msimamizi, neno alilolirudia kuliko yote. "Yeye hana haraka. Wewe unayo ya nini?"

Siku alipompata wa kwanza mbele yangu ilikuwa inaelekea magharibi, na magharibi ya Januari huku ni saa kumi. Boya liliondoka upande, likasimama, likaondoka tena. Fimbo ilipinda bila makelele. Akaja juu samaki mrefu, kijani cha shaba, mgongo una miiba kama kichana, na akageuka ubavu, nikaliona jicho.

Lilikuwa jicho kubwa la kioo, lenye ukungu wa maziwa ndani, na mwanga wa mwisho wa anga ulipoliangukia liliwaka. Mama alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kulia. Alikataa kufanyiwa upasuaji hapa. Alisema hapa hakuna cha kuangalia. Lile jicho lake lilikuwa hivi hivi, halikuangalii, na bado unajua umeonekana. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye kopo la chambo.

Msimamizi alimpiga samaki kichwani kwa kirungu kifupi, mara moja. "Huyu ni mgeni," alisema. "Aliletwa kutoka ng'ambo, sasa yumo kila mahali, anamaliza samaki wetu. Sheria hairuhusu kumrudisha majini." Nilimtazama usoni nione kama anajua anazungumza na nani. Hakujua. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Jicho la samaki liliendelea kuwaka ndani ya nyasi, ingawa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Baadaye kaka yangu aliniambia kwa simu kwamba katika maziwa ya Kanada yuko ndugu wa zanda, macho yaleyale, na watu hukata tundu kwenye barafu kumtafuta. Sikumwambia kwa nini nimeuliza. Wiki ile nilisikia kikohozi kwenye ngazi nikashindwa kupanda kwenda kulala, nikalala jikoni, kichwa mezani.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Msimamizi yote. Sikupanga, maneno yalitoka. Nilimweleza majivu, madonge, ngazi, shingo ya Bapuji. Nilitegemea anicheke au anielekeze kwa daktari. Alikunja mshipi wake, kisha akasema, "Zanda hali unga."

"Najua sasa," nikasema.

"Anakula anayekula unga. Wewe umekuwa unatupa chakula mahali ambapo hakuna mtu nyumbani." Akaokota vitu vyake vyote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya giza. "Njoo."

Tulitembea na ukingo mpaka kwenye kituo cha umeme. Kilikuwa na dohani ndefu na bomba kubwa lililotoa mtoni maji yaliyokwisha kupooza mitambo. Maji yale yalitoka na uvuguvugu. Mvuke ulikuwa unapanda juu ya mto kama juu ya sufuria ya wali. Alinionyesha mpaka: huku mkondo vuguvugu, kule maji baridi, na katikati yake mstari kama mshono wa nguo. "Samaki wadogo wa mto mzima wamehamia hapa tangu baridi ianze," alisema. "Na wanaowala wamewafuata." Alitoa mkate wake wa chakula cha mchana, akamega ganda, akalitupa kwenye mshono.

Uso wa maji ukawa midomo.

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Msimamizi, akasimama kama nguzo ya simu mpaka nikamwachia. Kama ni Kisumu ningesema niko gatini. Maskini Bapuji, nilifikiri njia nzima ndani ya basi, kumbe mama hakukataa. Tulikuwa tunamtengea sahani kwenye nyumba isiyo yake.

Nilidhani atafurahi. Nilimkuta dukani anafunga magazeti yaliyobaki, nikamweleza kila kitu, mpaka mvuke. Alisikiliza bila kuinua uso. "Maji ya mashine," alisema. "Hapana safi."

"Bapuji, ni mto uleule."

"Mvuke hii naweza kuwa dawa ya mashine."

"Kisumu tulikuwa tunatupia gatini, wanapoparia samaki na kumwaga matumbo. Pale palikuwa safi?"

Akasema tarehe haijafika. Tarehe ilipokaribia akasema goti. Goti lilipopona akasema unga wa hapa si unga, labda ndio sababu, afadhali kumwomba mtu alete wa Kenya. Mtu aliyevuka bahari akiwa na mke, watoto na masanduku mawili alishindwa kuvuka mpaka Kingston kwa basi. Nilikasirika nikamwambia maneno makali, kwamba anataka kumwacha mama kwenye ngazi milele. Hatukuwa tumewahi kuzitaja ngazi. Alikaa juu ya rundo la magazeti. "Wewe pia nasikia?" aliuliza.

"Kila siku."

Alinitazama, na niliona anahesabu kitu ambacho sikukijua. Kisha akainuka akachukua unga.

Tulikwenda alasiri ya Februari, wingu limegusa paa za nyumba, mto umejaa na rangi ya chai. Msimamizi alikuwa ng'ambo ya bomba na fimbo zake. Aliinua kofia kwa Bapuji, akatugeuzia mgongo. Huo ulikuwa utu wake, nami nimeuthamini kadiri ninavyozeeka.

Bapuji alivua viatu ingawa ardhi ilikuwa baridi kama chuma. Alisoma sala kwa sauti ndogo. Nilimwonyesha mshono. Alishika donge la kwanza kwa muda mrefu mno, vidole vimelizunguka, nikadhani ni baridi. Akalitupa.

Halikupata hata nafasi ya kulowa. Visamaki vya fedha vililivamia kutoka chini na pembeni, donge likaruka, likazunguka, likapasuka, na vipande vyake vikaenda na midomo. Akatupa la pili, likaisha. La tatu likaisha. Halafu visamaki vikatawanyika ghafla, maji yakawa wazi, na chini yake, polepole, bila haraka yoyote, akapita mmoja mkubwa. Alipanda mpaka karibu na uso wa maji. Jicho likawaka mara moja, la maziwa, likiwa limetuelekea. Kisha akazama.

"Mbuta," alinong'ona Bapuji, kama mtu aliyeamshwa. Yule samaki mkubwa wa ziwa letu naye jicho lake huwaka.

Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. "Wamekula, Bapuji! Amepokea! Mama amekaa!" Nilimshika mkono niuinue juu kama tulivyokuwa tukifanya utotoni siku za sherehe, ukaniponyoka. Alikuwa anakaa chini. Alikaa kwenye majani yaliyolowa, peku, na akalia kwa namna ambayo hakulia siku ya pazia, wala siku ya majivu.

"Bapuji?"

"Wewe naomba samaki kula," alisema. "Mimi kila mwezi naomba hapana kula."

Sikuelewa. Nilichuchumaa mbele yake. Alisema huku anaangalia maji, si mimi. "Mama yako hapana taka kukaa, basi lazima mtu rudisha yeye. Mimi iko na sababu. Mimi nakwenda kwa watu ya paspoti, nasema, hii bibi yangu hapana tulia, wacha mimi peleka yeye nyumbani. Nani nakataza mtu peleka bibi yake nyumbani?" Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Sasa yeye nakaa. Sasa mimi nasema nini?"

Ndipo nilipoelewa mabati, na rangi kabla ya mvua, na uchangamfu wote ule ndani ya basi. Kila donge lililozama lilikuwa tiketi yake ya kurudi, na mimi nilikuwa nimezunguka mto mzima na gambuti nikitafuta jinsi ya kumnyang'anya. Nilimwekea mkono begani. Ng'ambo ya bomba Msimamizi alikaza mshipi, akaulegeza tena.

Tulikaa hivyo. Visamaki vilirudi kwenye mvuke, kimoja kimoja, vikawa vinagusagusa uso wa maji mahali madonge yalipokuwa, vinatafuta. Bapuji aliviangalia. Niliona uso wake ukibadilika, taratibu, kutoka kwenye huzuni kwenda kwenye kitu kibaya zaidi, kama mtu anayekumbuka ameacha sufuria motoni na mtoto ndani ya nyumba.

"Bibi yangu," alisema. "Mimi naomba bibi yangu hapana kula."

Aliinuka kwa magoti yake yote mawili mabovu, bila kunishika. Aliokota bakuli la bati kwenye nyasi, akachukua madonge mawili, moja kila mkono, na bakuli akanipa mimi.

"Tupa yote," alisema. "Haraka. Tangu mwaka jana mama yako hapana kula."